Farasi Si Wake, Hatamu ni Zake



Katika barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu, nyingi zilikuwa za kawaida yetu, yaani karo za shule, watoto wasiosikia, na mshahara unaokwisha kabla ya tarehe kumi na tano. Lakini ipo moja iliyonifanya niweke kalamu chini kwa kitambo. Imetoka kwa mama mmoja, mke wa sajini, akaaye katika nyumba za kambi, naye ameniomba nisilitaje jina lake wala kikosi cha mumewe. Ombi hilo nitalitimiza.

Mwanawe wa kwanza yuko Marekani, katika jimbo la Virginia, na huu ni mwaka wake wa tisa huko. Hakwenda kwa ajili ya farasi. Alipofika alikuwa hajapata hata kumgusa mnyama huyo, kama walivyo wengi wetu, maana katika sehemu kubwa ya nchi zetu hizi farasi hawakustawi. Mbung'o huwaambukiza nagana, na usubi wa jioni huwaletea ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao huua walio wengi kati ya wanaoupata. Kijana alitafuta kazi yoyote, akapata kazi ya kuondoa samadi katika mabanda. Baada ya miaka miwili akawa saisi, akawapiga farasi brashi na kuwalisha. Kisha akaruhusiwa kupanda wale wachanga ambao hakuna mwingine aliyetaka kuanguka kwa ajili yao. Hatimaye mwajiri wake, ambaye ni mkufunzi, akamkabidhi farasi wa wateja awapande katika mashindano. Fedha ilipoongezeka, mdogo wake wa kike akaingia shule ya bweni.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwezi wa Oktoba mwaka jana.

Mwajiri alikuwa safarini katika jimbo jingine pamoja na farasi wengine. Kijana aliachiwa farasi mmoja, dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka saba, mali ya bibi mmoja tajiri, ampeleke katika mashindano ya siku ya Jumamosi. Bibi huyo naye alikuwa njiani, mwendo wa saa tatu kwa motokaa, aje kumtazama farasi wake. Alfajiri kijana akampanda ili kumpasha misuli moto. Katika mwendo wa matiti, akigeukia kushoto, akahisi kitu. Anasema hakikuwa kuchechemea. Kilikuwa kama mtu atembeaye na changarawe ndogo kiatuni naye hataki watu wajue. Akashuka, akamwomba mwenzake amkimbize farasi kwa mkono juu ya barabara ngumu. Mwenzake akasema haoni kitu. Akapanda tena, akahisi tena. Daktari wa mifugo aliyekuwapo uwanjani akampapasa farasi miguu na kusema kwamba huenda kuna kitu, huenda hakuna, na kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuapa kwa upande wowote.

Kijana akaenda kwa katibu wa mashindano akaliondoa jina la farasi katika zamu zake zote tatu za siku hiyo.

Saa tatu asubuhi bibi akafika na rafiki zake wawili, akamkuta farasi wake amesukwa nywele vizuri kabisa, amefungwa bendeji miguuni, anakula majani makavu. Yaliyosemwa hapo sitayaandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Jumatatu lori likaja kumchukua farasi na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Wiki tatu baadaye farasi yuleyule alishindana mahali pengine, akipandwa na mtu mwingine, akapata utepe wa nafasi ya pili.

Mwajiri hakumfukuza kijana. Ila tangu siku hiyo hajampandisha tena juu ya farasi wa mteja, na mshahara umerudi ulikokuwa miaka mitano iliyopita. Habari zilipofika nyumbani, sajini alizisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Alipewa amri akaivunja, na utepe umeonyesha kwamba amri ilikuwa sahihi." Tangu hapo hataki kuzungumza na mwanawe katika simu. Mama anauliza ni nani mwenye haki, na yeye amwandikie nini mtoto wake.

Kabla ya kujibu imenipasa nieleze mashindano yenyewe ni ya namna gani, kwa sababu naona wazi kwamba sajini anayadhani kuwa ni mbio. Si mbio. Ndugu askari unayeusoma ukurasa huu baada ya mkeo kuumaliza (najua mko wengi, ingawa hamkiri), ukitaka kuyafahamu usifikirie uwanja wa mbio, fikiria gwaride.

Asili yake ni Uingereza, ambako wenye mashamba walikuwa na desturi ya kumfukuza mbweha kwa kundi la mbwa, wao wakifuata nyuma juu ya farasi tangu asubuhi hata jioni, wakiruka nyua, mitaro na kuta za mawe. Uwindaji huo wa mbwa umekatazwa huko kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005, lakini jina la farasi wa uwindaji limebaki. Farasi aliyefaa kazi hiyo hakulazimika kuwapita wengine kwa kasi. Alitakiwa awe mtulivu katikati ya kelele, awe na mwendo mrefu usiomchosha, aruke kila kizuizi bila kutishika, na jioni amrudishe bwana wake nyumbani akiwa na mifupa yake yote. Hizo ndizo sifa zinazohukumiwa mpaka leo. Huko Uingereza, katika maonyesho ya farasi hao, mwamuzi mwenyewe hupanda juu ya kila farasi na kumwendesha ili ajionee kwa mwili wake. Mwenye farasi husimama pembeni akimtazama mtu asiyemjua amekaa juu ya mali yake, na nadhani hapo ndipo watu hujifunza subira.

Wamarekani wana namna yao. Uwanjani huwekwa viunzi, kwa kawaida visivyopungua vinane, vilivyopambwa kwa majani na maua ili vifanane na vizuizi vya shambani. Kimo chake hutegemea daraja, na kwa farasi waliokomaa wapandwao na watu wa kazi hufika futi 3 na nusu hata 4. Farasi huingia peke yake, akafanya mzunguko mmoja wa mbio za taratibu, akaviruka vyote, akatoka. Mwamuzi humpa alama kwa mia. Anatazama kama mwendo ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama magoti ya mbele yalipanda pamoja na kwa usawa, kama mgongo uliviringika juu ya kiunzi, na kama masikio yalielekea mbele kwa hamu badala ya kulala nyuma kwa hasira. Farasi akiangusha mti wa kiunzi, akikataa kuruka, au akivunja mwendo katikati, alama zake huanguka mpaka katika arobaini au hamsini na kitu, hata kama viunzi vingine vyote alivipita kama maji.

Na hapa ndipo penye gwaride. Askari hufundishwa kwamba hatua moja ya mwendo wa pole ni inchi 30, wala hahitaji rula, mguu wenyewe hukumbuka. Hatua moja ya farasi huyu katika mbio za taratibu huhesabiwa kuwa futi 12. Watengenezaji wa uwanja huviweka viunzi viwili kwa kipimo hicho. Vikiwa na futi 60 kati yake, sita ni za kutua, sita ni za kuondokea, na zilizobaki arobaini na nane ni hatua nne kamili. Vikiwa na futi 72, ni hatua tano. Mpandaji akikosea mwanzoni kwa futi tatu tu, farasi hujikuta karibu mno na kiunzi cha pili, akajikunja na kuchomoka kama chura, na kila aliyeko uwanjani huona. Asipokosea, hakuna aonaye chochote. Mtazamaji mgeni husema farasi alikuwa akijiendea tu na mtu amekaa juu yake kama mzigo, na hiyo ndiyo sifa kuu awezayo kupewa mpandaji wa mashindano haya. Yako mashindano mengine ambamo ni mpandaji anayehukumiwa. Katika haya anahukumiwa farasi peke yake.

Akina mama watapenda kujua kwamba farasi hao husukwa. Nywele za shingoni hugawanywa mafungu madogo madogo, thelathini, arobaini au zaidi, kila fungu likasukwa kwa uzi wa sufu wenye rangi ya nywele zenyewe, likakunjwa na kufungwa. Mkia pia husukwa. Wako watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Huja mabandani usiku wa manane wakiwa na ngazi na taa, na kulipokucha wameshaondoka. Kijana wetu hakuwa na fedha ya kumwita msusi. Alimsuka farasi mwenyewe tangu saa nane za usiku, kwa misuko aliyojifunza akiwa mtoto, akimshikia mama yake uzi siku ambazo alikuwa akiwasuka majirani zake kambini. Mama ameniandikia jambo hilo katika mstari mmoja tu, lakini nimeona wino umechafuka hapo.

Kuhusu buti sina la kueleza. Buti refu jeusi hung'arishwa mpaka mtu ajione uso, na mtoto wa sajini hahitaji kufundishwa kazi hiyo na Mmarekani.

Sasa tuje kwenye mali. Farasi mzuri wa namna hii huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na walio bora sana kwa mamia ya maelfu. Mwenyewe hulipa chakula na malazi kila mwezi, hulipa mafunzo, kiingilio cha mashindano, usafiri, na ujira wa anayempanda. Tepe anazopata farasi huipandisha bei yake, na siku anapouzwa, mkufunzi hupata fungu lake, mara nyingi asilimia 10 au zaidi. Basi utepe si kitambaa. (Na hata rangi yake humtatiza mgeni: Marekani wa kwanza hupewa wa buluu na wa pili mwekundu, Uingereza ni kinyume chake.) Ndiyo maana mpandaji wa farasi wa watu hukaa katikati ya mambo mengi. Yule anayelipwa kwa kupanda huitwa mtu wa kazi, wala haruhusiwi kuingia katika madaraja ya wasiolipwa, hata kama mshahara wake hautoshi chai.

Hapo napenda nimpe sajini kisa kimoja, maana namwona ni mtu aheshimuye vyeo. Katika Michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 1948, mashindano ya farasi wa madoido yalikuwa ya maafisa na mabwana wasiolipwa. Sajini alihesabiwa kuwa mtu alipwaye kwa kupanda, hivyo hakuruhusiwa. Wasweden walikuwa na sajini mmoja hodari, Gehnäll Persson. Wakampandisha cheo akawa luteni, akapanda, nao wakaichukua dhahabu ya timu. Baada ya michezo akarudishwa katika usajini wake. Jambo likajulikana, na mwaka 1949 Sweden ikanyang'anywa ushindi. Lakini watu waliona aibu kwa kanuni ile, ikaondolewa, na huko Helsinki mwaka 1952 wanaume walewale watatu wa Sweden, sajini Persson akiwa mmojawao, wakaichukua dhahabu tena bila hila, na mwaka 1956 wakairudia. Farasi hakuwa na habari ya nyota begani.

Tena si ajabu kwamba ujuzi huu ulitoka jeshini. Mpaka mwanzo wa karne iliyopita, mtu akiruka kiunzi alijilaza nyuma na kuvuta hatamu, akidhani anamsaidia farasi asianguke kichwa chini. Aliyelibadili jambo hilo alikuwa afisa wa jeshi la wapanda farasi la Italia, Kapteni Federico Caprilli, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufa mwaka 1907 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Yeye aliwatazama farasi wakiruka bila mtu, akaona kwamba hunyoosha shingo na kutua kwa miguu ya mbele. Akafupisha vikuku, akamwagiza mpandaji ainame mbele na kuacha shingo ya farasi iwe huru. Majeshi ya nchi nyingi yakapeleka maafisa wao Italia kujifunza. Wamarekani wakayaleta mafunzo hayo katika shule yao ya Fort Riley, Kansas. Kijana wetu anapoinama juu ya kiunzi huko Virginia, anafuata agizo la kapteni huyo.

Sasa lishikeni neno hilo, kwamba farasi hutua kwa miguu ya mbele. Farasi mkubwa ana uzito wa kama kilo 500, na hata akisimama tu, miguu ya mbele hubeba karibu sehemu sita katika kumi za uzito huo. Akitua kutoka juu ya kiunzi akiwa na mtu mgongoni, uzito wote hushukia mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili. Kano zilizo nyuma ya mguu huvutika kama kamba ya nanga. Mguu mzima hustahimili. Mguu wenye mchubuko mdogo ndani unaweza kustahimili pia, au kano ikapasuka, na kano iliyopasuka huchukua miezi tisa, kumi na miwili, kupona, na mara nyingine farasi hawi tena kama alivyokuwa. Nini basi alichokihisi kijana? Katika mwendo wa matiti miguu hupiga chini miwili miwili kwa mshazari, kama saa. Farasi mwenye maumivu mbele huinua kichwa kidogo pale mguu mbovu unapogusa chini, ili kuupunguzia uzito, na mzunguko mdogo kwenye ardhi ngumu hulizidisha jambo hilo. Jicho la mtu aliyesimama chini laweza lisilione. Makalio ya mtu aliyekaa juu, akiwa amekaa juu ya farasi huyohuyo kila siku kwa miezi mingi, hulijua kabla ya jicho.

Kisha kuna kanuni. Katika mashindano haya farasi achechemeaye hapewi utepe. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba wale walioongoza waliitwa tena, wakakimbizwa matiti mbele ya mwamuzi, naye alithibitisha uzima wao kabla ya kutangaza. Tena mkufunzi hutia sahihi katika fomu ya kuingia, na kwa sahihi hiyo ndiye ajibuye juu ya hali ya farasi, hata kuhusu dawa zitakazoonekana katika damu yake. Dawa! Hapo nisingependa kupita haraka. Kwa kuwa hupendwa farasi mtulivu, wapo waliotafuta utulivu katika sindano. Mwaka 2012 chama cha Marekani kinachosimamia michezo ya farasi kiliipiga marufuku dawa moja ya kutuliza, iliyokuwa imeenea pasipo kipimo cha kuigundua. Mwaka huohuo farasi mdogo, wa kupandwa na watoto, alianguka akafa katika maonyesho makubwa ya jimbo la Pennsylvania, punde baada ya kudungwa sindano, na magazeti yakaandika. Dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni huruhusiwa kwa kipimo. Kijana angeweza kutafuta njia hiyo. Angemdunga farasi jioni, asubuhi mguu usiseme kitu, naye bibi apate utepe wake. Barua ya mama haisemi kwamba alishawishika, nami sina sababu ya kudhani hivyo. Nataka tu sajini ajue kwamba njia hiyo ilikuwapo.

Sasa najibu.

Bwana Sajini, kwa heshima zote. Unasema amri ni amri. Nami nauliza kuhusu dereva wa lori la kikosi. Lori si mali yake, ni la serikali. Afisa amemwamuru awachukue watu thelathini awateremshe mlimani. Asubuhi anapokanyaga breki, anahisi mguu unazama kidogo kuliko jana. Fundi analitazama, haoni kitu. Je, afisa alikuwa amekaa penye breki? Wewe ungetaka dereva wako afanye nini, hali wanao wako nyuma ya lori? Najua jibu lako, maana umevaa sare miaka mingi. Yule bibi alimkabidhi mwanao farasi akiwa umbali wa saa tatu, wala hakumkabidhi utepe. Hatamu zilikuwa mikononi mwa mtoto wako, na alichokihisi hakuna mwingine aliyekihisi.

Wala utepe wa wiki tatu baadaye haukuthibitishi wewe. Kwato iliyochubuliwa na jiwe hupona kwa siku chache za kupumzika. Mvutiko mdogo wa msuli vivyo hivyo. Inawezekana farasi alishinda kwa sababu Jumamosi ile hakuruka. Inawezekana pia kwamba mwanao alikosea, kwamba hapakuwa na kitu kabisa, na ile changarawe ilikuwa katika hofu yake mwenyewe. Hatutajua kamwe, wala yeye hatajua, na nadhani hilo ndilo limlazalo macho kuliko mshahara.

Lakini, mama, usifurahi bado, kwa kuwa katika barua yako umeandika jambo jingine, tena umeliweka mwisho kabisa kama mtu afichaye kitu chini ya mkeka. Unasema kijana alikuwa na simu mfukoni tangu alfajiri. Hakumpigia bibi. Hakumpigia hata mwajiri wake, ambaye sahihi yake ndiyo iliyokuwa katika fomu. Na ulipomwuliza sababu alikujibu kwamba aliogopa. Akipiga, bibi angesema "panda," naye hakujua kama angeweza kukataa.

Hapo sajini ana haki, ingawa si kwa sababu aliyoitaja. Kumwondoa farasi kulikuwa juu ya kijana, kunyamaza hakukuwa juu yake. Mlinzi wa zamu aonaye kitu gizani hufunga lango, hilo ni jukumu lake. Lakini hapohapo hupeleka taarifa, hangoji afisa aje asubuhi akutane na lango lililofungwa. Bibi yule aliendesha gari saa tatu, amewaalika rafiki zake, akaaibika mbele yao kwa jambo ambalo angeweza kuambiwa akiwa bado nyumbani kwake anakunywa kahawa. Mimi mwenyewe ningekasirika. Naamini lile lori la Jumatatu lililetwa na aibu ile zaidi kuliko na utepe uliokosekana. Na mwajiri naye alijifunza habari za farasi aliyemtilia sahihi kutoka kinywani mwa mteja mwenye hasira. Simshangai akisitasita kumkabidhi kijana farasi wa pili.

Ni kweli kwamba bibi angeweza kusema "panda." Basi kijana angejibu, "Bibi, siwezi kumpanda leo. Ukitaka mtafutie mpandaji mwingine." Maneno hayo ni machache, ila ni mazito kuyatamka kwa mtu anayelipa. Wako watu wenye nyota begani ambao hawajapata kuyatamka. Mwanao alilifanya lililo gumu kwa mikono, akashindwa kulifanya kwa mdomo. Ana umri gani? Ishirini na saba, umesema. Bado.

Mwandikieni hivi, wewe na baba yake pamoja, kama baba atakubali. Asipokubali, anza wewe. Mwambie kwanza kwamba mmeielewa kazi yake, kwamba mmejua sasa kuwa si mbio. Mwulize farasi yule alikuwa na tabia gani, anapenda nini, maana amemtunza kwa miezi mingi naye ameondolewa kwake bila kuagwa, na hakuna mtu aliyemwuliza habari hiyo. Kisha mshauri amwandikie yule bibi barua fupi. Asimwombe radhi kwa kumwondoa farasi. Amwombe radhi kwa kutopiga simu, wala asiyachanganye mambo hayo mawili katika sentensi moja. Nakala ampe mwajiri wake mkononi, akiwa amesimama. Pengine haitabadili kitu. Wateja wa farasi huzungumza wao kwa wao, na barua ya namna hiyo husafiri, ila siwezi kukuahidi.

Karo ya binti usiitaje katika barua hii ya kwanza. Najua muhula unafunguliwa na fedha hazijafika. Nenda kamwone mwalimu mkuu, umwombe ulipe kwa mafungu mawili. Wengi wao hukubali mzazi akienda mapema, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Kijana anajua kwamba amepungukiwa. Hana haja ya kuambiwa na mama yake.

Na wewe, Bwana Sajini, simu ikilia Jumapili, usitoke nje. Mwulize tu mguu ulikuwa wa kushoto au wa kulia. Atakueleza kwa nusu saa.

Swali lako la pili, mama, la dumuzi walioingia katika mahindi yako ya akiba, nimelipeleka kwa bwana shamba. Majibu yake yatatoka katika ukurasa huu wiki ijayo. Kwa sasa yaanike juani, wala usiyachanganye na mahindi mapya.